TUPANDISHE PROGRAMU ZA OFISI KWA NGAZI, SI KWA KURUKA

Mwananchi atokaye Ngarenanyuki hadi Usa River kufuata shughuli yake katika ofisi ya umma, akafika dirishani akaambiwa kwamba mfumo umegoma, hajui ni programu gani iliyogoma, wala hapaswi kujua. Ajualo ni kwamba nauli imekwenda na siku imepotea. Naye karani aliye nyuma ya kioo ndiye alaumiwaye, ingawa hakushauriwa lolote siku programu hiyo ilipobadilishwa. Leo twataka kusema juu ya uamuzi huo unaofanywa mbali na karani: uamuzi wa kupandisha programu za kompyuta za ofisi kutoka toleo la zamani hadi toleo jipya, na njia ya kuufikia.

Katika sehemu zetu hizi jambo hili si dogo. Njia kuu iendayo Moshi kutoka Arusha inapita Makumira, penye chuo kilichoanza mwaka 1954 kikiwa chuo cha theolojia cha Kilutheri, na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Hatua chache mbele ni Usa River, makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Chuo, halmashauri, hospitali, shamba kubwa la maua, kila mmoja wa hao leo hii huweka majina, fedha na mishahara katika kompyuta. Zikigoma, hakuna leja ya kukimbilia.

Ofisi yenye kompyuta tatu haina shida kubwa. Fundi atapita meza kwa meza. Lakini ofisi yenye mashine mia mbili hulazimika kuwa na programu ya kuzisimamia nyingine zote, mfano wa mnyapara wa shamba la kahawa ajuaye kila jembe liko mkononi mwa nani. Programu hiyo huonyesha mashine ipi ina toleo lipi, ipi imezimika, ipi haijapata matengenezo, na huweza kupeleka matengenezo kwa zote kwa amri moja. Ndiyo maana kumpandisha mnyapara huyu toleo ni kazi ya hatari kuliko zote. Akikosea yeye, shamba zima limekosea.

Wako wasemao kwamba toleo jipya likitoka lichukuliwe siku hiyo hiyo. Wako wengine wasemao kwamba kisichoharibika kisiguswe. Kila upande una ushahidi wake. Mwezi Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa dawa ya tundu moja katika programu yake ya Windows. Wengi hawakuiweka. Tarehe 12 Mei mwaka huo kirusi kiitwacho WannaCry kikaingia kwa tundu hilo hilo katika nchi nyingi duniani, na hospitali za Uingereza zikaahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Hao waliponzwa na kuchelewa.

Lakini mwaka 2020 mambo yakageuka. Kampuni ya SolarWinds ya Marekani hutengeneza programu iitwayo Orion, ambayo kazi yake ni ile ile ya unyapara tuliyoitaja. Wadukuzi walijipenyeza kiwandani mwenyewe, wakatia sumu yao ndani ya matoleo mapya yaliyotolewa kati ya Machi na Juni. Wateja wapatao 18,000 waliyapokea, pamoja na idara za serikali ya Marekani, na habari haikujulikana hadi Desemba. Hapa walioponzwa ni wepesi, waliofanya kama walivyofundishwa. Na tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilituma faili moja yenye kosa kwa mashine zote kwa mpigo. Mashine kiasi cha milioni 8.5 zikazimika, na ndege zikabaki uwanjani.

Basi swali si haraka au subira. Swali ni kiasi gani cha ofisi kinawekwa hatarini kwa mara moja. Sisi twaona kwamba dawa ya tundu la usalama isikae zaidi ya siku chache, nayo ianzie katika mashine tano au kumi zisizobeba fedha wala matokeo ya mitihani, kisha ndipo ienee. Toleo jipya kabisa ni jambo jingine. Hilo lataka miezi, na lataka mashine ya majaribio iliyo pembeni, yenye nakala ya kumbukumbu halisi za ofisi. Bila mashine hiyo, wanaojaribiwa ni wananchi walio dirishani.

Tena programu nyingi hazikubali kurukwa. Windows Server ya mwaka 2012 iliacha kupata matengenezo ya kawaida tarehe 10 Oktoba 2023. Mwenye nayo hawezi kuipandisha moja kwa moja hadi ile ya 2022. Hana budi kupitia ya 2016 kwanza. Ofisi iliyolala miaka kumi inakuta ngazi ndefu mbele yake, na kila kipago kina gharama na usiku wake wa kukesha. Mara nyingine ni nafuu kujenga seva mpya pembeni na kuhamishia mali huko, kuliko kuikarabati ya zamani kipago kwa kipago. Ajabu ni kwamba wauzaji wachache hulitaja hili bila kuulizwa.

Nchi yetu yenyewe imeipitia ngazi hiyo. Programu ya hesabu ya Epicor ilitumika serikalini kwa muda mrefu, na halmashauri zilipita toleo la 9.05, kisha la 10.2. Hatimaye Serikali ikaamua kuacha kupanda ngazi ya mtu mwingine, ikajitengenezea MUSE, yaani Mfumo wa Ulipaji Serikalini, na halmashauri zikahamia huko mwaka 2021. Vivyo hivyo katika ununuzi, NeST ilichukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Kujitengenezea ni njia nzuri, lakini si ya kila ofisi. Chuo au hospitali moja haiwezi kulisha jeshi la mafundi, na programu iliyotungwa na kijana mmoja hodari hubaki yatima siku kijana huyo apatapo kazi Dar es Salaam.

Upo pia mzigo wa fedha. Windows 10 ilifikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi itakayo kuendelea kupata dawa zake hulipa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu, jumla dola 427. Windows 11 nayo hukataa kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018, na ofisi zetu si chache zilizonunua mtumba. Kwa mashine za kuandikia barua tu, programu huria ya Linux ingefaa kabisa. Kwa mashine za uhasibu, budi kwanza kuuliza kama programu ya hesabu itakubali kukaa humo.

Lipo jambo tunalolitilia mkazo kuliko yote, nalo ni njia ya kurudi. Mfumo wa DHIS2, unaokusanya taarifa za afya nchini, ukishapandishwa toleo haurudi nyuma. Kinachookoa ni nakala ya akiba iliyochukuliwa kabla. Nakala hiyo ijaribiwe kwa kurejeshwa kweli, mbele ya mtu asiyeiandaa.

Na karani aitwe kikaoni. Yeye ndiye ajuaye kwamba mwezi Juni halmashauri hufunga hesabu za mwaka tarehe 30, na kwamba wiki ya usajili chuoni foleni hufika getini. Mafundi hupenda Ijumaa jioni kwa kuwa ofisi ni tupu. Sisi twapendelea Jumanne katikati ya Agosti, wanafunzi wengi wakiwa likizo, ili kosa likitokea mwuzaji apatikane kwa simu kesho yake, naye karani awe tayari ameonyeshwa sura mpya ya programu kwa wiki mbili.