Kupima DNA katika Limfoma: Wingi wa Seli au Uteuzi wa Jicho?

Makala haya yanadhamiria kulinganisha mbinu mbili za kupima kiasi cha DNA katika tishu za limfoma, yaani saratani ya seli za limfu. Itakumbukwa kuwa seli ya kawaida ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46. Seli ya saratani huweza kuzidisha au kupungukiwa, na kiasi chake cha DNA hubadilika vivyo hivyo.

Mbinu ya kwanza ni ya mtiririko. Tishu hutenganishwa, viini vya seli vikatiwa rangi ing'aayo na kupitishwa kimoja kimoja mbele ya mwali wa leza. Kadiri DNA inavyozidi ndivyo mng'ao unavyozidi. Kwa dakika chache tu, maelfu ya seli hupimwa, na hata zile zinazonakili DNA zikijiandaa kugawanyika hukadiriwa. Tangu mwaka wa 1983, David Hedley na wenzake walipoeleza namna ya kupima hivyo tishu zilizohifadhiwa katika nta, sampuli za miaka iliyopita nazo zimeweza kuchunguzwa.

Mbinu ya pili ni ya picha. Hii hutegemea rangi ya Robert Feulgen, iliyoelezwa mwaka wa 1924, ambayo hushikamana na DNA kwa uwiano. Kamera iliyounganishwa na hadubini hupima mwanga unaofyonzwa na kila kiini. Kazi hii ni ya polepole na seli zipimwazo ni mamia tu, lakini mpimaji huiona kila seli anayoiteua.

Tofauti hii hudhihirika katika limfoma ya Hodgkin. Humo, seli za saratani ziitwazo Reed-Sternberg ni chache mno miongoni mwa seli zisizo na saratani. Mtiririko huzimeza katika umati, na grafu ikaonyesha hali ya kawaida ilhali maradhi yapo. Picha huzifichua. Hata hivyo, jicho lina upendeleo wake, na kiini kilichokatwa na kisu cha maabara huonekana kupungukiwa na DNA.

Kwa hivyo, jibu la "kawaida" halitoshi bila kuuliza limepatikanaje. Ndiyo maana leo hii kiasi cha DNA pekee hakiamui aina ya limfoma: umbo la tishu, protini za seli na mabadiliko ya jeni huchunguzwa pamoja. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa.