Mkate Uliolala na Jina Lake la Kiitaliano

Hapa Kalobeyei wako wanaomcheka mwenzao akila mkate uliolala, uliochomwa juu ya makaa. Eti chakula cha shida! Basi jueni kwamba Italia mkate huo hutangulizwa mezani kabla ya mlo, nao una majina mawili.

La kwanza, bruschetta, hutamkwa "brusketa". Latokana na bruscare, neno la watu wa Roma, yaani kuchoma kwenye makaa. Kipande huchomwa, husuguliwa kitunguu saumu, kisha hutiwa mafuta ya zeituni na chumvi. Nyanya ni nyongeza tu.

La pili, crostini, ndilo linalonifurahisha mimi mpenda ngeli. Crosta ni ganda, na ile -ini ya mwisho hufanya kazi ya vi- yetu. Kwa hiyo crostini ni viganda! Kimoja ni crostino, kiganda.

Kiitaliano chenyewe hakiko mbali nasi. Wasikilizeni majirani zetu Wasomali wakiita tambi "baasto": ni pasta hiyo, kwani Italia iliwahi kutawala kusini mwa Somalia.

Nyumbani zeituni hatuna. Mama hupaka mafuta ya kupikia na chumvi kidogo, na ukichelewa utakuta makombo.