Kura Inayosafiri kwa Posta

Siku ya uchaguzi wewe huenda kituoni kwa miguu yako. Unapewa karatasi, unatia alama mahali pa siri, kisha unaitumbukiza katika sanduku kwa mkono wako mwenyewe. Je, mtu aliye mbali na nchi yake afanyeje?

Ujerumani iliruhusu kura ya posta mwaka 1957. Mfikirie muuguzi Mjerumani aliyehamia Tanzania, anafanya kazi katika hospitali ya wilaya. Bunge la kwao linachaguliwa. Kwanza anaiandikia ofisi ya mji alioishi kabla ya kuhama, anaomba jina lake litiwe katika daftari la wapiga kura. Ombi lifike si chini ya siku 21 kabla ya uchaguzi. Asipoomba, hapati karatasi.

Ofisi humpelekea karatasi ya kura, hati yenye jina lake, na bahasha mbili. Hapa soma polepole. Karatasi ya kura akishaitia alama, anaiweka katika bahasha ndogo na kuifunga. Bahasha hiyo haina jina. Ile hati anaitia sahihi, kuthibitisha kwamba kura ameijaza mwenyewe. Kisha hati na bahasha ndogo huingia pamoja katika bahasha kubwa nyekundu. Ananunua stempu, anapeleka posta.

Siku ya uchaguzi, wasimamizi hufungua bahasha nyekundu. Wanatazama hati. Jina lipo? Sahihi ipo? Kama sahihi haipo, kura hiyo haihesabiwi. Kama yote ni sawa, bahasha ndogo hutumbukizwa katika sanduku bila kufunguliwa, ikachanganyika na nyingine. Hufunguliwa baada ya saa 12 jioni. Basi wasimamizi wanajua nani amepiga kura, lakini hawajui amempigia nani. Mimi naona aliyebuni bahasha hizi mbili alikuwa na akili sana.

Tatizo ni njia. Bahasha nyekundu lazima ifike kabla ya saa 12 jioni siku ile ile. Ikifika kesho yake, haihesabiwi, hata kama muhuri wa posta unaonyesha kuwa ilitumwa mapema. Wewe unajua barua ya msiba inavyoweza kufika arobaini imekwisha.

Jambo hili liliwapata Wajerumani mwaka 2025. Serikali yao ilivunjika Novemba 2024, na uchaguzi ukafanywa mapema, tarehe 23 Februari 2025. Muda wa kuchapa na kutuma karatasi ukawa mfupi. Watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamejiandikisha kutoka ng'ambo. Wengi walilalamika kwamba karatasi ziliwafikia wakati hazikuweza tena kurudi. Waliomba, wakasubiri, na kura hawakupiga.

Katika uchaguzi huo chama kimoja kilitaka kupata asilimia 5 ya kura ili kiingie Bungeni kwa hesabu hiyo. Kilipungukiwa na kura zisizofika 10,000. Hakuna awezaye kusema kura zilizochelewa zingekwenda kwa nani. Lakini tazama jinsi idadi yenyewe ilivyo ndogo!

Sheria yao inaruhusu bahasha nyekundu ipelekwe na mtu mwingine. Kwa hiyo muuguzi wetu akisikia kuna mwenzake anayepanda ndege kwenda Ujerumani juma hilo, humfuata upesi na bahasha yake mkononi.