Wema kwa Jirani ni Akiba: Funzo la Mweria

Mkulima wa Sabaki anaijua shida ya palizi. Mahindi yasipopaliliwa katika wiki za mwanzo, magugu huyanyang'anya maji na rutuba, na mavuno hupungua. Kwa mtu mmoja mwenye jembe la mkono, ekari mbili ni kazi ya siku nyingi. Wazee wetu wa Kimijikenda walikuwa na jibu: mweria.

Katika mweria, mwenye shamba huwaalika majirani. Yeye hupika chakula, wao huja na majembe. Hakuna anayelipwa fedha. Siku nyingine kundi huhamia shamba la mwenzake. Ukipiga hesabu, jasho ni lile lile, kwani nawe utakwenda kwa wengine. Faida ni kwamba kazi huisha kwa wakati, na aliyeugua au aliyejifungua msimu wa palizi hapotezi mavuno ya mwaka.

Ujirani huo huonekana zaidi wakati wa dhiki. Mto Sabaki huleta maji kutoka bara, hivyo unaweza kufurika hata siku ambazo huku pwani hakujanyesha. Mafuriko ya mwaka 2018 yalizilazimu familia nyingi za Magarini na Malindi kuhama. Maji yakiingia nyumbani usiku, anayekupokea kwanza ni jirani anayeishi kwenye mwinuko, kabla ya hema na chakula cha msaada kufika. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Kazini na kwenye biashara mambo ni hayo hayo. Fundi anayemfundisha kijana bila kumficha siri za kazi hupata msaidizi leo, na kesho hupata mtu wa kumtajia wateja. Mwaka 1973, mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alionyesha kwamba habari za nafasi za kazi mara nyingi huletwa na watu tunaofahamiana nao kwa mbali, si marafiki wa karibu tu. Kwa hiyo wema kwa mtu usiyemzoea nao una thamani.

Moyo pia hufaidika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulishirikisha watu wa Kanada na wa Uganda. Waliokumbuka siku walipotumia pesa kwa ajili ya mtu mwingine walijisikia wenye furaha kuliko waliokumbuka kujinunulia vitu wenyewe. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Hata hivyo, ukarimu una mipaka yake. Usikope ili utoe. Usimsaidie mtu kisha ukamtangaza kijijini. Na mzigo usiwaangukie akina mama peke yao: wanaume nao waje na majembe.

Ukitaka kuanza, zungumza na majirani watano kabla ya masika. Pangeni zamu, na mkubaliane mapema mtafanya nini mwenzenu akiugua. Wanaoishi karibu na mto wakubaliane na wa mwinukoni nani atampokea nani, na nani atawabeba wazee na watoto. Mzee wa kijiji apewe mpango huo.

Wema hauozi. Lakini kama mahindi, hupandwa kabla ya mvua.