Vijumba vya Wageni Vinavyolisha Kondoo wa Wales

Kwa wafugaji wengi wadogo kwenye milima ya Wales, sufu ni mzigo. Ujira wa mnyoaji aghalabu unazidi bei ya sufu yenyewe, na bado kondoo lazima anyolewe katikati ya mwaka, asije akaliwa na funza wa nzi. Fedha za maana huja wanakondoo wanapopelekwa mnadani, mwisho wa kiangazi hadi vuli, na hata hizo kwa miaka mingi zilisimama kwa mkongojo wa ruzuku. Ndiyo maana ghala kuukuu la mawe, walimolala ng'ombe zamani, leo ni kijumba cha wageni chenye jiko, vitanda na intaneti.

Tatizo ni kwamba kondoo na wageni wana msimu mmoja. Mimba ya kondoo huchukua takriban siku 147, kwa hiyo madume huachiwa majike Novemba ili uzazi uje Aprili, nyasi zikichipua. Pasaka nayo haiko mbali. Familia ya mjini hulipa kwa furaha ili watoto wamwone mwanakondoo akinyonyeshwa kwa chupa. Mwenye shamba hajalala: saa nane za usiku alikuwa zizini na jike aliyekwama kuzaa, na kabla ya alasiri shuka za vijumba ziwe zimebadilishwa. Juu ya hayo awe mlinzi. Mgeni mjamzito huonywa asisogelee kondoo wanaozaa, kwa kuwa wanaweza kuwa na vijidudu vya kuharibu mimba. Watoto wanawe mikono kwa sabuni. Mbwa wafungwe kamba. Kiangazi kikifika, jua likitoka siku tatu mfululizo, trekta hukata nyasi za akiba mpaka giza, na yupo mgeni atakayelalamikia kelele za shambani akiwa shambani.

Lakini kinachowakosesha wafugaji hawa usingizi zaidi ni hesabu za serikali. Tangu Aprili 2023, kijumba cha Wales kinatambuliwa kuwa biashara kikiwa wazi kwa wageni siku 252 kwa mwaka na kikapangishwa siku 182. Awali zilitosha 140 na 70. Kisipofikia siku hizo, kinahamishiwa kodi ya makazi, ambayo halmashauri zinaweza kuiongezea hadi asilimia 300 kwa nyumba za pili. Kijumba ambacho kibali chake cha ujenzi kinakataza makazi ya kudumu husamehewa nyongeza hiyo, na maghala mengi ya mashambani yamo humo, ila kodi yenyewe iko palepale. Sasa piga hesabu: likizo za shule ni kama wiki 13, yaani siku 91. Nusu nzima ya siku zinazotakiwa itafutwe wakati watoto wako darasani na mlima una matope.

Wapo wanaosema vijumba ni kinga ya ufugaji. Ni kweli bei ya kondoo ikianguka. Lakini mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia Uingereza, mifugo zaidi ya milioni 6 iliuawa na njia za mashambani zikafungwa. Utalii ulipoteza fedha nyingi kuliko kilimo. Aliyekuwa na kondoo na wageni alikosa vyote viwili kwa mpigo.

Aprili 2025 serikali ya Uingereza, London, nayo ilifuta nafuu maalumu ya kodi ya mapato kwa nyumba za mapumziko, iliyodumu tangu miaka ya 1980. Kuanzia 2027 halmashauri za Wales zitaruhusiwa kutoza ushuru kwa kila usiku wa mgeni.

Kwa maoni yangu, mwenye kijumba kimoja au viwili visivyo na deni atavuka. Atakayeumia ni aliyekopa benki kukarabati ghala akitegemea zile siku 70 za awali.