Mpini mfupi wa jembe ni gharama kwa mkulima

WAKULIMA wengi wanapopiga hesabu za shamba huandika mbegu, mbolea, dawa na vibarua. Ni wachache wanaoandika mgongo. Lakini mtu akishindwa kuinuka kwa maumivu ya kiuno katikati ya msimu wa palizi, magugu hayamsubiri, na mavuno hupungua kama ya aliyekosa mbolea.

Moja ya sababu za maumivu hayo ni mpini mfupi wa jembe. Katika miaka ya 1960 na 1970, daktari wa mifupa wa Uswidi, Alf Nachemson, alipima mgandamizo katika mito laini iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo. Ukiuhesabu mgandamizo wa mtu aliyesimama wima kuwa 100, akiinama mbele hufikia takriban 150, na akiinama huku ameshika mzigo hufikia takriban 220. Anayepalilia kwa jembe fupi hukaa ameinama kwa saa nyingi.

Mfano wa California

Katika jimbo la California, Marekani, vibarua wa mashamba ya mboga walitumia kwa miaka mingi jembe lenye mpini mfupi sana. Wenye mashamba walidai kuwa jembe refu lingeharibu miche na kupandisha gharama. Jembe fupi pia lilimrahisishia msimamizi kazi, kwani aliyenyoosha mgongo alionekana kwa mbali. Jembe hilo lilipigwa marufuku mwaka 1975, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ya jimbo. Kilimo cha mboga hakikufa, kiliendelea.

Huku kwetu hakuna msimamizi wa aina hiyo, lakini yapo macho ya majirani. Utafiti wa FAO na IFAD wa mwaka 1998, uliohusu nchi 5 za Afrika zikiwemo Uganda na Zambia, ulionyesha kuwa katika baadhi ya maeneo anayelima akiwa amesimama huonekana mvivu. Wanaoumia zaidi ni akina mama, kwa kuwa ndio wenye palizi.

Piga hesabu

Tuchukue mfano. Palizi ni ya wiki 4, na maumivu yanakupotezea siku 2 kila wiki. Hizo ni siku 8. Zizidishe kwa malipo ya kibarua wa siku kijijini kwako, kisha linganisha na bei ya mpini mpya. Jibu utalipata mwenyewe.

Jinsi ya kushika na kusimama

Kwa jembe la palizi, mpini ukisimamishwa chini ufike angalau kifuani. Lakini usibadilishe mpini peke yake. Jembe liwe jepesi, na pembe kati yake na mpini irekebishwe ili makali yaguse udongo vizuri ukiwa umesimama. Jembe zito la kulimia likitiwa mpini mrefu kupita kiasi huchosha mabega, hivyo ni vema kuwa na majembe mawili.

Mpini uwe laini, wa unene unaoenea kiganjani. Tenganisha mikono, na kifundo cha mkono kisipinde. Tanguliza mguu mmoja, kunja magoti kidogo, na ukihitaji kuinama, inamia kwenye nyonga badala ya kupinda mgongo. Lima karibu na miguu, usijinyooshe kufuata gugu la mbali, songa mbele. Kila baada ya mistari michache badili mkono na mguu unaotangulia, kisha simama wima kidogo.

Noa jembe kwa tupa kila asubuhi, maana butu hudai nguvu mara mbili. Mpini ukilegea, ukaze kwa kabari kabla ya kuanza kazi.

Msimu ujao, kabla ya kununua mbegu, pima mipini ya majembe yote ya nyumbani, ukianza na la anayepalilia zaidi.