Mabaka ya Ulaya hayamfichi mtu Zaraninge

Nimeulizwa tena, na safari hii na mkulima wa Makurunge anayelinda mihogo yake: "Mtaalamu, hili jaketi la mtumba ni la jeshi la Ulaya, limetengenezwa kwa ajili ya msitu. Nikilivaa, nguruwe na nyani si hawataniona?" Watakuona. Naandika ili swali hili liishe.

Kwanza, msitu upi? Mabaka ya Ujerumani, yale ya vitone vya rangi tano yaliyoingia jeshini karibu na mwaka 1990, yalibuniwa kwa misitu ya Ulaya ya Kati. Mabaka ya M05 ya Ufini yametokana na picha za misitu ya Ufini yenyewe, ambako misonobari haipukutishi majani na jua hupita chini angani. Makurunge ipo nyuzi sita na nusu hivi kusini mwa ikweta. Septemba nyasi za kuelekea mto Wami zimeshakauka, na jua la saa sita liko utosini. Simama humo na jaketi la kijani kilichokolea na nyeusi, mwenzako akutazame akiwa mita mia moja: vitone vimeshaungana, anachokiona ni umbo jeusi lenye kichwa na mabega.

Askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, waliopigana nchi hii kuanzia 1914 walivaa kaki. Bidhaa za Ulaya zilipokatika, kitambaa kilifumwa hapahapa na kutiwa rangi ya miti, ikatoka hudhurungi ya manjano. Ilifaa, kwa sababu pori letu kwa miezi mingi lina rangi ya udongo.

Sasa wanyama, maana hapa ndipo watu wanapodanganyana hasa. Nguruwe, ngiri, pongo na nyati hawaoni rangi kama sisi. Jicho la mtu lina aina tatu za chembe za kutambua rangi, lao lina mbili. Kijani na rangi ya chungwa kwao karibu ni kitu kimoja. Wawindaji wa Marekani huvaa fulana za chungwa kali ili wasipigane risasi wenyewe kwa wenyewe, na paa hashtuki. Basi hicho kijani unachokitegemea, nguruwe hana habari nacho. Anachokiona vizuri ni bluu. Na wewe jaketi umelifua kwa sabuni ya unga! Nyingi zina kemikali ya kung'arisha, inayonyonya mionzi ya urujuanimno na kuirudisha kama mwanga wa bluu. Umeinunua nguo ikufiche, halafu ukaipaka mng'ao.

Nyani ndiye anayeona rangi kama mtu. Lakini yeye anakamata mwendo: ukigeuza shingo, kundi zima limeshajua. Nguruwe huja usiku na pua yake, na tembo vilevile. Hakuna mabaka yanayoficha jasho.

Kuna na mbung'o, ambao wakazi wa kandokando ya Saadani hawahitaji kusimuliwa. Ni miongoni mwa mambo yaliyoishinda ranchi ya Mkwaja mpaka ikafungwa mwaka 2000. Mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mabaka meusi yanawaita.

La kufanya ni hili. Ukitaka kujificha, vaa kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu. Kaa upande ambao upepo unatoka kwa mnyama kuja kwako, na utulie. Lakini mlinzi wa shamba hana haja ya kujificha: piga debe, washa tochi kali, lindeni kwa zamu. Kwa tembo, funga uzio wa kamba na vitambaa vilivyolowekwa pilipili na oili chafu, kisha uite askari wa wanyamapori. Usimfuate mnyama ndani ya msitu wa Zaraninge. Ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani tangu 2005, na askari wa hifadhi akikukuta humo na mabaka atakudhania jangili.

Isitoshe, sheria inamkataza raia kuvaa sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba watu wazisalimishe. Kama jaketi hilo bado unalo, lipeleke kituo cha polisi au kambi iliyo karibu nawe wiki hii.